Mashimo Mawili Chini ya Kapeti

Nekoye alizaliwa Bondeni, mjini Nakuru, katika zile nyumba za kanjo, za halmashauri ya mji, zilizopeana migongo, na hadi leo, akiwa na miaka arobaini na mmoja, hajawahi kuhama mbali nazo. Mama yake aliuza dagaa wa omena mlangoni. Nekoye mwenyewe aliacha shule kidato cha pili, akapata kazi ya kufagia vumbi la chuma katika karakana ya Mzee Muiruri, mtengenezaji wa mageti na madirisha. Alifagia miezi minne. Mwezi wa tano alimwomba Muiruri amfunze kushika mashine ya kuchomelea. Muiruri alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndara, kisha akamrushia miwani ya giza.

"Ukiogopa cheche, rudi kwa omena," alimwambia.

Hakurudi. Miaka ilipopita alichagua kazi ambayo mafundi wengi wa pale waliikwepa: mabomba ya moshi ya magari. Ni kazi ya kulala chali udongoni huku kutu ikikudondokea machoni, na bomba halipoi upesi kama unavyodhani. Nekoye aliipenda kwa sababu ilikuwa na majibu ya wazi. Gari liliingia likinguruma kama trekta, likatoka kimya. Wateja walimjua kama mama wa ekzosi, na wengine walitoka mbali kumtafuta, wakiyapita magereji makubwa ya barabarani.

Jumanne moja mwezi wa Machi, kabla ya saa nne asubuhi, Probox nyeupe iliingia uwanjani na kelele zake. Nekoye aliijua. Mwenye gari aliitwa Kibii, mkulima wa mahindi kutoka upande wa Rongai. Mwaka uliotangulia Kibii alikuwa amemletea gari hilo hilo kwa sababu njia ya kwake ilikuwa na mtaro mpana, na kila akipanda kutoka mtaroni, ncha ya bomba iligonga chini na kuvunjika. Ilivunjika mara tatu. Kibii aliomba bomba likatwe, ligeuzwe upande, litokee chini ya mlango wa nyuma. Nekoye alifanya hivyo, na bomba halikugonga tena.

"Fundi, habari ya asubuhi," Kibii alisema akishuka. "Imeanza kelele tena. Angalia haraka tu, tunaenda hosi."

"Nani mgonjwa?"

"Mama watoto. Ni figo. Anaoshwa damu kila Jumanne na Ijumaa. Sasa ni miezi nane."

Mlango wa nyuma ulifunguka. Mwanamke mrefu, mwembamba, alitoka polepole akiwa amejifunika shuka la bluu. Alishika paa la gari, akasimama hivyo kidogo kama anayesubiri dunia itulie, kisha akapiga hatua mbili hadi kwenye mfereji na kutapika.

Nekoye alichukua mtungi wa maji akamkimbilia. Alimshika mabega. Yule mama, ambaye jina lake ni Cherop, alisukutua mdomo na kuomba radhi, kana kwamba amemwaga chai kwenye nyumba ya watu. Nekoye alikuwa bado amemshikilia aliposikia harufu. Shuka lilinuka moshi wa gari, moshi mzito wa petroli, kama ovaroli yake mwenyewe jioni.

"Mathe, hii shuka umeivaa siku ngapi?"

"Nimeifua jana," Cherop alijibu kwa unyonge. "Mbona?"

"Kichwa kinakuuma?"

"Kinapasuka."

"Kinaanza saa ngapi?"

Cherop alimtazama mumewe kabla ya kujibu, maana hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo. "Nikitoka nyumbani niko sawa kidogo. Tukifika Nakuru kimeshika. Nikikaa hospitali kinapoa. Tukirudi, kinaanza tena njiani."

"Ni ile ugonjwa," Kibii alisema. "Wanasema figo ikikufa, taka inapanda kichwani."

"Na wewe, mzee, unaumwa ukiendesha?"

"Mimi? Hapana. Dirisha langu halifungi vizuri."

Nekoye alifungua mlango wa nyuma. Kwenye kiti kulikuwa na mto, na madirisha yote mawili yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya baridi na vumbi. Hapo ndipo Cherop alipolala, safari baada ya safari, kwenda na kurudi. Nekoye aliinama, akashika ukingo wa kapeti, akaivuta juu.

Palikuwa na mashimo mawili. Kila moja lingeweza kumeza ncha ya kidole chake. Kingo zake zilikuwa nyeusi kwa masizi, na upande wa chini wa kapeti palikuwa na madoa mawili ya duara, meusi kama chungu. Kando ya kila shimo palikuwa na msalaba mdogo uliochorwa kwa rangi nyeupe.

Msalaba ule ulikuwa wake. Hakuna fundi mwingine uwanjani aliyeweka alama namna ile.

Alikumbuka vizuri. Siku ile alitoboa sakafu ili afunge kishikio cha bomba. Drili ilipopenya mara mbili za kwanza, alikuta boriti ya chuma iko karibu mno upande wa chini, kishikio hakiwezi kukaa. Akasogea mbele kidogo, akatoboa upya, akafunga. Yale mashimo ya kwanza alijiambia atayaziba akimaliza. Mvua ilikuwa inakuja, mteja alikuwa na haraka, na kapeti ikarudi mahali pake ikafunika kila kitu.

Mzee Muiruri alikuwa amesogea kuangalia. Sasa ni mzee wa miaka sabini, lakini macho yake ni yale yale. Aliona mashimo, akaona misalaba, akaelewa. Alimvuta Nekoye hadi nyuma ya mitungi ya gesi.

"Sikiliza," alinong'ona. "Ziba hizo vitu, rudisha kapeti, mwambie ni kutu imekula sakafu. Gari ni kuukuu. Ataamini."

"Si kutu, mzee."

"Najua si kutu! Nimekufundisha kazi, wacha nikufundishe na hii. Huyo mama ni mgonjwa wa figo. Akifa kesho, wataambiana ni wewe. Umeelewa? Ni wewe."

Nekoye alielewa. Aliwafikiria binti zake wawili, na ule uwanja ambamo alikuwa amekaa miaka ishirini ili wanaume waache kumwita kijana wa kufagia. Halafu alimwona Cherop ameketi juu ya tairi kuukuu, ameinamisha kichwa, akivuta hewa kama mtu anayekunywa maji. Akarudi kwake.

"Mzee Kibii, mathe, nataka kuwaambia kitu. Hii maumivu ya kichwa, naona ni moshi wa gari. Bomba inatokea hapa chini, na kuna mashimo mawili kwa sakafu. Moshi inapanda moja kwa moja hadi pale mathe analala." Akaonyesha ile misalaba kwa kidole. "Hayo mashimo ni mimi nilitoboa. Nilisahau kuziba. Si kusahau tu. Niliyaacha."

Kibii alienda akainama, akatazama. Alitia kidole kimoja shimoni, akakitoa kikiwa cheusi. Akasimama, na sauti yake ilipotoka watu wa karakana ya jirani waligeuka.

"Miezi nane! Miezi nane nampeleka kuoshwa damu halafu ndani ya gari yangu namtia sumu? Wewe mama, una akili? Nilikuamini!"

"Ni kweli, mzee."

"Unaniambia ni kweli? Ni hivyo tu?" Alifungua mlango wa dereva kwa nguvu. "Cherop, ingia. Tunaenda kwa fundi mwingine."

"Asiingie," Nekoye alisema. Alisimama mbele ya mlango wa nyuma, akauweka mkono juu yake. "Nitukane mzee, niko hapa. Peleka gari popote. Lakini mathe asiingie kwa hii gari leo."

Cherop aliinua kichwa. "Kibii," aliita, polepole. Mumewe akageuka. "Hao madaktari wote tumepita kwao, kuna mtu amewahi kunusa shuka yangu?"

Kibii aliuachia mlango wa dereva.

"Huyu anajua mashimo iko wapi. Mwache azibe yeye. Mimi nitafutie tuktuk, nimechelewa."

Tuktuk ilipatikana. Kabla haijaondoka Nekoye aliingiza kichwa ndani, akamsihi Cherop awaambie wauguzi habari ya moshi kabla ya kitu kingine chochote. Cherop aliahidi. Kibii alipanda kando ya mkewe bila kumwangalia fundi, akaacha ufunguo juu ya pipa.

Saa sita simu ya Nekoye ililia. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana aliyejitambulisha kama Natasha, muuguzi wa Cherop; namba alipewa na Kibii. Alikuwa amempa Cherop hewa ya oksijeni, na alitaka kujua hasa moshi uliingia vipi na kwa muda gani. Nekoye alieleza yote, hakujificha popote.

"Huyu mama damu yake ni kidogo," Natasha alisema. "Mtu kama huyo moshi unamwangusha haraka kuliko wewe na mimi. Na nikwambie kitu, fundi. Ile sumu yenyewe ndani ya moshi haina harufu. Usiseme gari imepona kwa sababu hainuki. Kuna kifaa kidogo cha kupima, wanauza kwa maduka ya majiko ya gesi. Tafuta."

Nekoye aliandika jina la kifaa kwenye kiganja chake kwa kalamu, kisha akaingia kazini.

Alitenganisha betri kwanza, akatoa kiti cha nyuma, akang'oa kapeti yote. Halafu akaliinua gari kwa jeki na kuliegemeza kwenye magogo manne, akalala chini yake. Aliyoyaona yalimkasirisha zaidi. Kishikio alichofunga mwaka jana kilikuwa kimeshika bomba kwa chuma kitupu, bila raba. Kila injini ilipotetemeka, bomba lilikosa pa kuchezea, na sasa lilikuwa limepasuka karibu na kiungo. Ndiyo ile kelele. Ufa ulikuwa hatua moja kutoka kwenye mashimo.

Akakata bomba lote la nyuma akalitupa.

Njia sahihi ilikuwa ile waliyoiweka waliounda gari: bomba lipande juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, lishuke nyuma, litokee nje ya bampa. Ila ncha yake lazima iinuliwe ili isiguse mtaro wa Kibii. Mashine ya kukunja mabomba hawakuwa nayo uwanjani. Nekoye alikausha mchanga juu ya bati, akaujaza ndani ya bomba jipya, akaziba ncha zote mbili, akalipasha kwa moto wa gesi hadi likawa jekundu. Likapinda taratibu bila kubonyea. Aliendelea hivyo hadi jioni, akapata mikunjo mitatu.

Asubuhi yake mvua ilinyesha. Alifunga bomba, akaning'iniza kwa raba mpya, akapakia magunia mawili ya mchanga nyuma ya gari ili liiname kama lenye abiria na mzigo. Aliposukuma gari juu chini, alisikia tong. Ekseli ilikuwa inagusa bomba.

"Ni kidogo tu hiyo," Mzee Muiruri alisema, akiwa amesimama chini ya bati na kikombe cha uji. Tangu jana walikuwa hawajazungumza. "Itajitafutia nafasi."

"Haiwezi."

"Nekoye, utafungua tena yote? Na hii mvua?"

"Nitafungua tena yote."

Alifungua. Akajaza mchanga mwingine, mkavu, maana mchanga wenye maji ukiwashiwa moto ndani ya bomba hulipuka. Alikunja upya, akafunga upya, akapakia magunia. Kimya. Akaongeza gunia la tatu, akamwomba Muiruri akae juu yake. Mzee alinung'unika, akapanda, akaruka ruka kama mtoto kitandani. Kimya bado.

Ndipo akageukia mashimo. Moja lilikuwa karibu na bomba dogo la petroli, hilo hakuthubutu kulitia moto. Alikata kipande cha bati, akakipaka gundi ya bodi, akakifunga kwa riveti na kupaka gundi tena juu na chini. Lile la pili alilichomelea kiraka, akakwangua kwa grinda hadi likawa sawa na sakafu. Yale ya kishikio cha zamani aliyaziba vilevile. Rangi ya kuzuia kutu ilikaushwa na jua lililochomoza saa tisa.

Bado hakutosheka. Aliwasha taa, akaiweka chini ya gari, akafunika madirisha kwa mablanketi, akaingia ndani na kujifungia gizani. Alisubiri macho yazoee. Penye mashimo yake palikuwa giza totoro. Lakini kule nyuma, karibu na nati ya mkanda wa usalama, nyota moja ndogo iling'aa. Kilikuwa kitundu cha tangu kiwandani ambacho raba yake ilikuwa imedondoka miaka mingi iliyopita. Hakukitoboa yeye. Alikiziba hata hivyo.

Kibii alikuja Alhamisi mchana, peke yake. Alizunguka gari mara mbili, akainama, akatazama bomba. Hakusifu. Nekoye alimwonyesha kile kifaa cha kupima alichokuwa amekinunua, kidogo kama redio ya mkononi. Alikisogeza karibu na ncha ya bomba injini ikiwaka. Kikalia kwa sauti kali hadi mbwa wa uwanjani akabweka.

"Sasa tuende Rongai, mzee. Wewe endesha, ila dirisha lako nimelitengeneza, lifunge. Mimi nitalala pale mathe hulala."

"Wewe ulale?"

"Nani mwingine alale?"

Alijilaza kwenye kiti cha nyuma, kifaa tumboni, madirisha yote yamefungwa. Wakatoka mjini, wakashika barabara ya Eldoret. Nekoye aliona tu nguzo za umeme na mawingu yakipita, na kioo kidogo cha kifaa kikionyesha sifuri. Baada ya robo saa Kibii aliuliza, "Uko sawa?" Akajibu yuko sawa. Baadaye akauliza tena. Mara ya nne alipouliza, sauti yake haikuwa tena ya mtu mwenye hasira.

Walifika mtaro wa kwake. Gari likashuka, likapanda, na bomba halikugusa. Kibii alizima injini, akakaa na mikono yake kwenye usukani.

"Ni mimi nilikuambia uigeuze upande," alisema.

"Mzee, wewe si fundi."

"Lakini ni mimi nilisema."

"Na mimi ndiye nilipaswa kukataa."

Kibii alimpa mahindi ya kuchoma kutoka jikoni kwake na kumrudisha mjini, na kifaa kile kikabaki kwenye gari.

Cherop alirudi kusafiri kwenye Probox wiki iliyofuata, nusu dirisha wazi, kwa sababu alisema amejifunza kupenda upepo. Safari ya kwanza hakutapika. Ya tatu, alishuka hospitali akitembea bila kushikwa. Figo zake hazikupona; moshi haukuwa umezileta shida hizo, wala kuziba mashimo kusingeziondoa. Bado anaoshwa damu Jumanne na Ijumaa. Ila siku za katikati, ambazo zamani alizimaliza kitandani, sasa anachuma mboga, na Jumapili anaimba kanisani akiwa ameketi.

Nekoye hakupata usingizi mzuri mwezi ule. Aliketi na daftari, akakumbuka gari moja baada ya jingine ambalo bomba lake alikuwa amewahi kuligeuzia upande. Yalikuwa saba. Si kwamba alikuwa na hakika yote yana mashimo, lakini hakuwa na hakika kwamba hayana, na hilo lilimtosha. Mzee Muiruri alimwambia anatafuta balaa. Siku mbili baadaye mzee huyo huyo alimletea namba za simu za wateja wawili ambao Nekoye hakuwa nazo, akaziweka mezani na kuondoka.

Wanne walileta magari wenyewe. Wa tano alimtukana kwenye simu, kisha akaja. Wa sita alikuwa Wangare, mwalimu wa Njoro, aliyemwambia hana muda; Nekoye alimfuata hadi langoni mwa shule wakati wa chakula cha mchana, akatandika gunia, akalala chini ya gari mbele ya wanafunzi. Alikuta shimo moja. Wangare aliyekuwa akicheka akaacha kucheka, akasema kwamba mwanawe husinzia kila wakisafiri, na wao walidhani ni tabia yake tu.

La saba lilikuwa limeuzwa. Aliyelinunua alikuwa ameliuza tena. Ilimchukua Nekoye hadi mwezi wa Juni kupata kwamba liko Molo, kwa mtu anayeitwa Karanja, anayebebea viazi. Alipanda huko asubuhi moja ya ukungu akiwa na begi la vifaa mgongoni, akauliza sokoni, akaonyeshwa. Karanja alikuwa anapakia magunia. Alimsikiliza fundi huyu asiyemjua hadi mwisho, akiwa na gunia begani.

"Hata kama ni kweli," alisema, "mimi sikukulipa wewe. Si kazi yako tena hii. Kuja Jumamosi, leo niko na mzigo."

"Unabeba nani kwa gari?"

"Mke wangu. Na mtoto."

"Wanakaa wapi?"

Karanja alitupa jicho kwenye kiti cha nyuma, kisha akateremsha gunia polepole.

"Toa hizo viazi, boss," Nekoye alisema, tayari akifungua begi. "Naanza sasa."